MKONO UTIAO FATAKI



Tume yetu imepokea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana halistahili karatasi ya Kanisa. Muumini mmoja, mkulima wa ngano mwenye cheti halali cha bunduki, ametaka kujua mambo mawili. La kwanza: kati ya vyombo vya mkononi vya kutilia fataki katika maganda ya risasi, ambavyo jamaa yake aliyeko Marekani yu tayari kumletea, ni kipi kilicho bora? La pili: je, Mkristo atenda kosa akijijazia risasi zake mwenyewe nyumbani? La kwanza aliliuliza nusu kwa mzaha, la pili kwa moyo wote. Tunayajibu yote mawili, tena hadharani, kwa kuwa tumetambua kwamba si yeye peke yake anayeuliza, na kwa kuwa jibu linawahusu watu wakubwa kuliko yeye.

Wapo watakaosema: mapadre na makatekista wanajua nini juu ya fataki? Jibu letu ni kwamba tumezika watu.

Risasi, jinsi itokavyo dukani, ni vitu vinne vilivyounganishwa: ganda, baruti, kichwa, na fataki iliyokaa kitakoni mwa ganda. Fataki ni kikombe kidogo cha shaba, chenye kipenyo cha milimita 4.4 hivi kwa aina ndogo na 5.3 hivi kwa aina kubwa. Ndani yake mna kemikali kidogo sana, ambayo ikigongwa na pini ya bunduki huwaka ghafula na kuiwasha baruti. Bunduki ikishalia, vitu vitatu vimekwisha kazi, ganda hubaki. Mwenye kujaza nyumbani huliokota ganda hilo, huisukuma nje fataki iliyokufa, hulirudishia ganda umbo lake, hutia fataki mpya, hupima baruti na kukaza kichwa kipya. Chombo anachokiulizia ndugu yetu ni cha ile hatua ya fataki. Chafanana na koleo: kina mpini wa kubinya, mahali pa kushikia kitako cha ganda, na kisahani cha kupangia fataki.

Wanaokisifu husema ubora wake wote umo kidoleni. Mashine ya mezani ina wenzo mrefu, na wenzo mrefu huuficha ukweli. Bali abinyaye kwa mkono huihisi fataki ikiingia, ikikaza, ikifika chini. Ikiachwa juu kidogo, bunduki yaweza kukataa kulia, ama, lililo baya zaidi, yaweza kulia kabla haijafungwa sawasawa. Vilevile fataki nyingi zilizopangwa pamoja kisahanini ni jirani wabaya. Mtengenezaji mmoja wa vyombo hivi aliwaonya wanunuzi wake wasitumie fataki za chapa fulani, maana moja ikiwaka, nyingine zaweza kuitikia. Basi jibu la swali la kwanza ni fupi. Kama ni lazima mtu achague, bora ni kile chenye kizuizi kinachoitenga fataki inayobinywa na zile zinazongoja, na mtumiaji avae miwani ya kukinga macho. Swali hilo tumelijibu, na sasa tuliache.

Swali la pili halikubali ufupi.

Hatutaki kumdharau mtu afanyaye kazi hii. Ni kazi ya utulivu na uangalifu, na wengi waifanyao huko Marekani ni wazee wa heshima, wawindaji wa paa, watu wa kanisani Jumapili. Husema kwamba wanaokoa fedha, na kwamba risasi iliyopimwa kwa mkono hulenga vema kuliko ya dukani. Katika yote mawili hawasemi uongo. Lakini tuangalie nchi yao imeifanyia nini risasi. Sheria ya mwaka 1968 iliwalazimu wauzaji kuandika daftarini mauzo ya risasi, na ilizihesabu pia fataki, maganda, vichwa na baruti kuwa risasi. Mwaka 1986 bunge lao likaifuta karibu kazi yote hiyo ya daftari. Tangu hapo, mbele ya sheria ya shirikisho, mtu mzima asiye na zuio hununua fataki elfu moja bila kitabu chochote kuandikwa jina lake. Hilo ndilo soko ambalo jamaa ya ndugu yetu anataka kutuletea kipande chake katika sanduku la nguo.

Na soko lile limetufundisha jambo moja kubwa bila kukusudia. Katika miaka ya 2020 na 2021, ugonjwa wa korona ulipoingia na watu wakakimbilia kununua bunduki, fataki zilitoweka madukani kote Marekani. Mtu alikuwa na ndoo ya maganda, baruti ya kutosha, vichwa, mashine ya mezani, na chombo cha mkononi kilicho bora kuliko vyote. Akaketi mikono mitupu. Ganda huokotwa. Kichwa husubuliwa hata uani. Bali fataki hutoka kiwandani, na viwanda hivyo ni vichache. Chapa nne kubwa za fataki za Marekani ni CCI, Federal, Remington na Winchester. Tangu Novemba 2024, tatu za kwanza zimo chini ya kampuni moja, Czechoslovak Group ya Prague. Ya nne ni mali ya kampuni ya Olin. Fikirini basi: nchi yenye bunduki nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na fataki zake nyingi zatoka kwa mabwana wawili.

Kwa hiyo anayetuambia kwamba risasi ni kama mchanga wa ufukweni, kwamba haiwezekani kuihesabu wala kuifuatia, hasemi kweli. Watu wa kale walilijua hili. Twasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, kwamba nchi yote ya Israeli haikuwa na mhunzi, kwa kuwa Wafilisti walihofu Waebrania wasije wakajifanyia panga na mikuki. Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe alishuka kwa Wafilisti na kulipa fedha. Na siku ya vita panga zikaonekana mikononi mwa Sauli na Yonathani tu. Wafilisti hawakwenda nyumba kwa nyumba kupekua panga. Walikishika kiwanda. Hatuwasifu Wafilisti, nasi tutaurudia upande wa pili wa habari hiyo. Twasema tu kwamba hesabu yao ilikuwa sahihi.

Sasa turudi nyumbani Kenya. Sheria yetu ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haimpi mwenye cheti ruhusa ya bunduki peke yake. Cheti hutaja pia kiasi cha risasi, na mtu akikutwa na risasi zaidi ya kiasi hicho ametenda kosa sawasawa na asiye na cheti. Ni sheria nzuri. Hekima yake yote imejengwa juu ya jambo moja, kwamba risasi hununuliwa mahali panapojulikana, kwa mkono wa muuzaji aliyeandikishwa, naye huandika. Je, chombo kile kidogo kinaifanyia nini hekima hiyo? Ganda la shaba lililotunzwa vema laweza kujazwa mara tano, pengine mara kumi. Daftari la muuzaji linasema: risasi 50. Uani kwa mkulima zimelia 500. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeiba, na hata hivyo hesabu ya taifa imekwisha kuwa hadithi. Twajua ndugu yetu atafyatulia ngedere na nguruwe mwitu. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya mtu mmoja tumfahamuye. Na uani kwake pana vijana wa kazi, na wajomba, na majirani wenye madeni, na usiku.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Kitako cha ganda huwa na alama za mtengenezaji, na mara nyingi mwaka. Kwa alama hizo wachunguzi huweza kuuliza risasi iliyomwua mtu ilitoka wapi. Nchini Brazili sheria ya mwaka 2003 ilikwenda mbele zaidi: iliamuru kwamba kila risasi inayouzwa kwa polisi na majeshi ipigwe kitakoni alama ya fungu lake na ya mnunuzi wake. Matunda yake yameonekana. Diwani Marielle Franco alipouawa Rio de Janeiro tarehe 14 Machi 2018, maganda yaliyookotwa yalikuwa ya fungu la UZZ-18, lililouzwa kwa Polisi wa Shirikisho mwaka 2006. Na risasi za fungu hilohilo zilikuwa zimetumika katika mauaji ya watu 17 katika jimbo la São Paulo mwaka 2015. Alama zile hazikumtaja aliyefyatua. Ziliitaja ghala, na serikali ikalazimika kujibu mbele ya watu wake kuhusu ghala hiyo. Basi ganda likijazwa upya nyumbani, alama inabaki ileile lakini imegeuka kuwa shahidi wa uongo: yasema kiwanda fulani na mwaka fulani, kumbe baruti ni ya jana na mkono ni mwingine. Katika nchi yetu, ambako mashahidi wanaotembea kwa miguu miwili hutishwa na kununuliwa, hatuna ganda la kupoteza.

Kwa sababu hizo mbili jibu letu kwa ndugu yetu ni hapana. Asikiagize chombo hicho. Akihitaji risasi, anunue zilizohesabiwa, hata kama ni ghali. Ughali huo ni sehemu ya bei ya amani ya majirani zake.

Lakini tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapa, tukimkaripia mkulima mmoja na kurudi kulala. Yeye mwenyewe alituuliza, na ana haki ya kuuliza: "Je, wale wanaotuvamia usiku na kuchukua ng'ombe, risasi zao hujazwa na nani?"

Wengi huko majimboni hudhani kwamba zimejazwa vichakani na wahunzi. La. Risasi ya AK ya kijeshi, ile ya 7.62 kwa 39, kwa kawaida haijazwi tena. Ganda lake mara nyingi ni la chuma, na fataki yake ni ya mtindo wa Berdan, ambao kitako chake kina vitundu viwili vidogo, si kimoja kilicho katikati, hata pini ya kawaida ya kusukumia fataki haipati njia. (Ajabu ya historia ni hii: Berdan alikuwa Mmarekani, na mtindo wake ukaenea katika majeshi ya ng'ambo, Boxer alikuwa Mwingereza, na mtindo wake, ulio rahisi kujazwa, ndio uliotawala Marekani.) Mchungaji wa Suguta au wa Kapedo hana koleo la kubinyia fataki, wala halihitaji. Kila risasi aifyatuayo ni mpya, na fataki yake ilitiwa kiwandani, kwa mashine, chini ya bendera ya nchi fulani, na mikono yenye mshahara.

Ndipo hatuna budi kusema jambo lisilopendwa. Karibu na mji wa Eldoret pana kiwanda cha risasi cha serikali yetu, kilichojengwa kwa utaalamu wa kampuni ya FN ya Herstal, Ubelgiji. Wananchi walianza kupata habari zake mwaka 1996, kazi ikiwa imekwisha kuendelea mbali bila Bunge kulijadili jambo hilo kwa uwazi. Mwaka 1997 likaundwa kwa tangazo la kisheria shirika la kukiendesha. Tuliambiwa kwamba kitaleta kazi, kwamba kitaokoa fedha za kigeni, kwamba risasi zake ni za majeshi na polisi wetu tu. Aprili 2021 kikafuata kiwanda cha bunduki huko Ruiru, nasi tukaambiwa maneno yaleyale.

Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, yenye makao yake Geneva, ilichapisha uchunguzi juu ya Turkana Kaskazini. Watafiti walifanya kazi rahisi ambayo ofisi yoyote ya serikali ingeweza kuifanya: walisoma alama za vitako vya risasi zilizomo mikononi mwa raia, wakazilinganisha na za polisi. Wakahitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka kinyume cha sheria katika eneo lile zilitoka katika vyombo vya usalama vya Kenya yenyewe. Hazikuibwa zote. Nyingi zilitolewa kwa makusudi, ili wenyeji wajilinde dhidi ya majirani wa ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa serikali haikuwa tayari kuwalinda. Alama za kiwanda cha Eldoret zilikuwamo.

Tafakarini, ndugu wapendwa. Mkulima wa ngano akijaza risasi kumi zaidi ya cheti chake, ni kosa la jinai. Ofisi ikitoa maelfu ya risasi bila daftari ambalo raia aweza kuliona, ni "mpango wa usalama". Huko Turbi, katika Marsabit, tarehe 12 Julai 2005, waliuawa watu zaidi ya 50, wakiwamo watoto wa shule. Siku mbili baadaye Askofu Luigi Locati alipigwa risasi na kuuawa Isiolo. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliuawa katika shambulio moja. Na hao ni vijana wa nyumba zetu, wengine walibatizwa katika visima vya parokia zetu. Je, kuna tume, kuna kamati, kuna ofisi iliyowahi kuwaonyesha wananchi orodha ya alama za maganda yaliyookotwa mahali hapo? Bunduki hukusanywa na kuchomwa mbele ya wapiga picha. Mwaka 2016 zilichomwa 5,250 huko Ngong, na moshi wake ukaonekana katika magazeti ya dunia. Ni jema. Lakini bunduki ya miaka hamsini bado hulia, na bunduki isiyo na risasi ni fimbo nzito tu. Risasi ndiyo hununuliwa kila mwezi. Anayetaka kuzima moto hatazami jiko peke yake. Hutazama nani aletaye kuni.

Hata mataifa yamelikwepa jambo hili. Mkataba wa Biashara ya Silaha wa mwaka 2013 unataka nchi zipime madhara kabla ya kuuza risasi nje, lakini kifungu chake cha kutunza kumbukumbu hakikuzitaja risasi. Desemba 2023 Umoja wa Mataifa ulikubali mwongozo wa kusimamia risasi tangu kutengenezwa hadi kuharibiwa. Ni hatua, ingawa haumfungi mtu kisheria.

Tuliahidi kuurudia upande wa pili wa habari ya Wafilisti. Wafugaji wetu hutuambia: "Baba, mwataka serikali pekee iishike fataki, nasi tuwe kama Waebrania wasio na mhunzi?" Ni swali la haki, na si la kujibiwa kwa aya za Maandiko. Huko Karamoja, Uganda, ukusanyaji wa bunduki wa mwaka 2001 na 2002 uliwaacha Wabokora, waliotii, mikononi mwa majirani ambao hawakutii. Wakaporwa na kufukuzwa, na wengi wakaishia kuomba mitaani katika miji ya mbali. Hatumwambii mtu yeyote atupe ngao yake simba akiwa mlangoni. Tunaloiambia serikali ni kwamba kugawa risasi kwa siri si ulinzi. Ni kumpa mtu mzigo wa kazi yako na kumlaumu akianguka nao. Polisi wa akiba alipewa bunduki, akapewa risasi, na kwa miaka mingi hakupewa mshahara. Mtu wa namna hiyo ana watoto; na kitu pekee kilicho na bei ndani ya nyumba yake ni kile kilicho katika mkoba wa risasi. Aliyeupanga mpango huo ndiye mwalimu wa biashara tunayoilaani.

Wako watakaojitetea kwa kusema: mimi natia fataki tu; mimi naendesha mashine tu; mimi natia sahihi hati ya kutoa ghalani tu; afyatuaye ni mwingine. Kanisa limeusikia utetezi huo tangu zamani. Tarehe 2 Machi 1679, chini ya Papa Inosenti wa XI, zililaaniwa hoja 65 za walimu waliolegeza maadili. Ya 51 ilimhusu mtumishi ambaye, akijua, humpa bwana wake mabega apandie dirishani kwenda kumnajisi binti wa watu, na huchukua ngazi, na hufungua mlango. Nao walimu wale walisema hana dhambi ya mauti ikiwa afanya hivyo kwa kuogopa hasara kubwa. Kanisa likasema: hoja hiyo haifundishwi. Hatusemi kwamba kila kijana mwenye kibarua katika kiwanda cha Eldoret ni mtumishi yule. Maadili yetu hupambanua ushirikiano wa mbali na wa karibu, wa kujua na wa kutojua, nayo hujali njaa ya mtu. Nguvu ya kesi ile imo katika neno "akijua". Kijana wa mashine hajui sanduku litakwenda wapi. Afisa wa ghala anajua. Waziri anajua tangu mwaka 2008, kama hakujua kabla, kwa kuwa imeandikwa.

Katekisimu, katika namba 2316, yafundisha kwamba utengenezaji na uuzaji wa silaha wagusa manufaa ya wote, na kwa hiyo wenye mamlaka wana haki na wajibu wa kuusimamia. Baraza la Kipapa la Haki na Amani liliandika waraka mzima juu ya biashara ya silaha mwaka 1994, na muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa wa mwaka 2004 ukazitaja kwa jina silaha ndogo ndogo. Basi tusiambiwe kwamba tumeingia siasa.

Tunaitaka serikali ifanye mambo haya. Kila risasi itokayo Eldoret, na kila iagizwayo kwa ajili ya polisi na majeshi, ipigwe kitakoni alama ya fungu na ya kikosi kitakachoipokea, kama Brazili. Kiwanda tayari hupiga alama vitako vyote. Kuongeza herufi chache si jambo la kufilisi hazina. Kila mauaji ya wizi wa mifugo yakitokea, maganda yaokotwe na alama zake zitangazwe, wenyeji wakiwapo. Polisi wa akiba walipwe mshahara, na risasi zao zihesabiwe mbele ya wazee na viongozi wa dini mara kwa mara, zilizotumika na zilizobaki. Fataki, pamoja na vyombo vyote vya kujazia risasi, vya mezani na vya mkononi, zitajwe katika sheria waziwazi na kuhesabiwa sawa na risasi kamili, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba ameleta koleo tu.

Kwa waamini wetu: wenye vyeti vya bunduki wakumbuke kwamba cheti ni amana. Aliye na ndugu ng'ambo amwambie asilete kitu hicho, hata kama ni zawadi. Makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wa maeneo ya mpakani, mkiokota maganda baada ya shambulio msiwaachie watoto wayachezee. Nakilini herufi na tarakimu zilizo kitakoni, mahali na tarehe, kisha leteni nakala kwa Tume ya parokia. Mtu yeyote asihatarishe uhai wake kwa kazi hii. Risasi ambayo haijalia isiguswe, waitwe polisi.

Na aliyekwisha kuwa na chombo cha kutilia fataki nyumbani, au kikopo cha fataki alichorithi kwa mzee wake, asikizike shambani wala asikiuze mnadani. Akipeleke kituo cha polisi pamoja na cheti chake, adai hati ya kupokelewa. Akiogopa kwenda peke yake, mjumbe wa Tume ataandamana naye siku yoyote ya kazi, baada ya Misa ya asubuhi.